Jaja yuko Arua, wajukuu wako Toronto: simu ya video isigeuke mahojiano

"Nina miaka 70, naishi Arua. Binti yangu yuko Toronto na watoto wawili, wa kike ana miaka saba na wa kiume miaka mitatu. Wamezoea kunipigia kwa video kila Jumapili saa tatu usiku. Mkubwa anasema 'Jaja, hujambo', namuuliza habari za shule, anajibu 'nzuri', basi imeisha. Mdogo ananitazama kidogo halafu anakimbia, mama yake anamrudisha kwa nguvu, analia. Tangu Novemba hata saa yenyewe hawaifuati, wananipigia saa nne nikiwa nimeshalala. Jirani yangu anasema watoto wa ng'ambo hawana habari na bibi zao, na kwamba mtoto wa miaka mitatu hajui hata kama yule kwenye simu ni mtu. Lakini nasikia wengine wana michezo wanayocheza na wajukuu kwa simu, ya Idd, ya Krismasi, ya theluji. Mimi si mtaalamu wa simu na Kiingereza changu ni kidogo. Nifanye nini? Na je, ni vibaya kwamba simu ikikatika nalia?"

Mama, asalaam aleikum. Nimelisoma swali lako mara mbili, na mara ya pili nilipofika kwenye hiyo saa nne ya usiku nilitabasamu, uniwie radhi. Tuanzie hapo, maana hilo ndilo jepesi na ndilo linalokuumiza bure.

Binti yako hajabadilisha saa. Sehemu kubwa ya Kanada, Toronto ikiwemo, hurudisha saa zao nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, kisha huzisogeza mbele tena Jumapili ya pili ya Machi. Sisi Uganda saa zetu hatuzigusi. Alikuwa akikupigia saa nane mchana ya kwao, na mpaka leo anakupigia saa nane mchana ya kwao. Kilichohama ni tofauti iliyo kati yenu: ilikuwa masaa saba, sasa ni manane, na itabaki hivyo mpaka Machi. Hakuna aliyekupuuza.

Ila hiyo saa nane mchana ina ubaya mwingine. Kwa mtoto wa miaka mitatu ndio wakati wa usingizi wa mchana, au wakati anaoupigania usingizi. Mtoto mwenye usingizi hana adabu kwa mtu yeyote, awe bibi au rais. Mwambie binti yako mhamie saa kumi na mbili jioni ya Arua. Kwa sasa hiyo ni saa nne asubuhi Toronto, na baada ya Machi itakuwa saa tano asubuhi. Watoto wameamka vizuri, wamekula, na kwako bado kuna mwanga na Magharibi haijaingia. Saa ya Arua ndiyo ikae palepale mwaka mzima. Wao wenye saa zinazohamahama ndio wafanye hesabu.

Sasa jirani yako. Ana punje ya ukweli, lakini ameipanda mahali pabaya. Ni kweli watoto wadogo sana hujifunza kidogo mno kutokana na video. Ukimwekea mtoto wa miaka miwili kanda ya mtu anayefundisha neno jipya, mara nyingi neno halishiki, wakati mtu huyohuyo akiwa mbele yake sebuleni lingeshika. Lakini simu ya video si kanda. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto wa miezi 24 hadi 30. Waliofundishwa maneno ya vitendo kwa simu ya video, na mtu anayewajibu papo hapo, walijifunza kama wale waliofundishwa ana kwa ana. Waliotazama mtu aliyerekodiwa hawakujifunza. Kilicholeta tofauti ni kujibiwa: mtoto anacheka, na yule wa kwenye kioo anacheka kwa sababu yake; mtoto anainua gari lake, na yule anasema "lo, gari jekundu!" Ndiyo maana hata chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, ambacho mwaka 2016 kiliwashauri wazazi wasiwape skrini watoto wa chini ya miezi 18, kiliziacha simu za video nje ya katazo hilo.

Kwa hiyo mjukuu wako anajua kwamba wewe ni mtu. Asichokijua ni nini cha kufanya na mtu asiyeweza kumbeba.

Fikiria anavyokuona. Kichwa kikubwa kwenye kioo kidogo, kinauliza swali, kinanyamaza kikisubiri jibu. Halafu kuna jambo la kamera ambalo watu wengi hawalitambui. Unapoyatazama macho yake kwenye kioo, yeye anakuona umeinamisha macho, kwa sababu kamera iko juu ya kioo, haiko kwenye uso wake. Mtoto aliyezoea kusoma macho ya watu anamwona bibi ambaye hamtazami sawasawa. Ongeza ucheleweshaji wa mtandao. Watu wakizungumza ana kwa ana, mmoja akimaliza mwingine huanza upesi mno, kama robo ya sekunde hivi au chini ya hapo. Kwenye simu sauti inakawia njiani, basi mnagongana, mnanyamaza wote wawili, mnaanza tena wote wawili. Mtu mzima anavumilia. Mtoto wa miaka mitatu anakwenda zake kwenye magari yake.

Na kukimbia kwake si dharau. Mwambie mama yake asimrudishe kwa nguvu kamwe. Simu ibaki imesimama palepale sakafuni, na wewe endelea kufanya shughuli yako mbele ya kamera, uimbe kidogo, uongee na dada yake. Mara nyingi atarudi ameshika kitu. Akirudi na kitu mkononi, huo ndio mwaliko wake, na kila kitu kingine ulichopanga kinasubiri. Dakika tatu za namna hiyo, mara mbili tatu ndani ya simu moja, ni nyingi kwa umri wake.

Kwa yule mkubwa tatizo ni jingine: unamhoji. Usinielewe vibaya, sote tunafanya hivyo. Za shule? Nzuri. Umekula? Ndiyo. Mama hajambo? Hajambo. Nilipokuwa nikifundisha watoto wadogo niliona wazazi wakiwapokea watoto getini na maswali hayohayo na kupata majibu hayohayo, na wale wanaishi nao nyumba moja. Lakini jiulize wewe ulizungumzaje na bibi yako. Je, alikukalisha kwenye kiti akakuuliza za shule? Nadhani mlikuwa mkibambua karanga, au mkipepeta simsim, au unamshikia uzi, na maneno yalikuja yenyewe kwa sababu mikono ilikuwa na kazi na macho hayakulazimika kutazamana. Hilo ndilo ninalotaka ulipeleke kwenye simu. Kazi moja, kitu kilekile mikononi mwako na mikononi mwao, na majira ya mwaka ndiyo yakuchagulie kazi yenyewe. Wao wana majira manne yasiyofanana hata kidogo, wewe una mvua na kiangazi. Hiyo tofauti ni hazina, maana kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake hawezi kukiona popote isipokuwa kwako.

Anza na kiangazi hiki cha sasa. Mwambie binti yako achague Jumapili ambayo baridi ya Toronto imeshuka vizuri chini ya sifuri. Wewe lowesha kitambaa chepesi cha pamba, kikamue, ukianike kwenye kamba uani kabla ya simu. Wao wakilowesha cha kwao wakitundike nje simu inapoanza. Ulizeni kwanza: kipi kitatangulia kukauka? Waache wabishane. Chako, kwa upepo huu wa Januari na vumbi lake, kitakuwa kikavu huku mnaongea. Cha kwao kitaingizwa ndani kimekakamaa kama ubao, na kinaweza kusimamishwa mezani chenyewe. Nakuhakikishia huyo wa miaka mitatu hatakimbia. Halafu wakiweke karibu na joto kianze kulegea na kudondosha maji, na hapo mkubwa akueleze kwa nini. Usimsaidie upesi. Mwambie, "Mimi barafu naiona kwenye friji tu, nieleze vizuri." Bibi asiyejua kitu ni zawadi kubwa kwa mtoto wa miaka saba, kwa sababu siku zote yeye ndiye asiyejua.

Ramadhani itaingia, na kila mwaka inatangulia kwa siku kama kumi au kumi na moja, jambo ambalo mkubwa anaweza kulichora kwenye kalenda akaona linavyotembea. Hapo kuna mwezi. Wewe unauona mwandamo jioni yako. Wao jioni yao huja masaa mengi baadaye, wewe ukiwa umelala. Chora kwenye karatasi jinsi ulivyouona umekaa, upige picha, uitume. Wao wachore wa kwao. Huku kwetu karibu na ikweta mwezi mchanga mara nyingi hulala chali kama mtumbwi. Kwao mara nyingi huinamia upande. Mkubwa ataanza kuuliza mwezi ni uleule au la, na utakuwa umepata mazungumzo ya wiki nzima. Katika mwezi huo saa kumi na mbili jioni uko jikoni, nami nasema usihamishe simu. Iegemeze kwenye kopo la sukari, wakuone unavyotayarisha futari. Idd ikikaribia, siku moja kandeni unga wa chapati pamoja, bibi huku na wajukuu kule. Mdogo apewe donge lake la kuponda hata kama litaishia kuwa nyoka. Moto na mafuta ni kazi ya mama yao, na hilo lisemwe mapema kabla mikono haijaingia kwenye unga.

Mvua zikianza, hapo wewe una utajiri. Panda maharage shambani siku hiyohiyo wanayoweka ya kwao kwenye kikombe chenye pamba mbichi dirishani. Ndani ya wiki moja hivi yataanza kuchomoza, kama pamba haikukauka na haikuzama kwenye maji. Kila Jumapili mnapima kwa kidole: kidole kimoja, viwili. Wanunue maharage dukani kwao. Usiwatumie mbegu kwenye mzigo wa mtu anayesafiri, mipaka ina sheria kali kuhusu mbegu. Na usiku wa kumbikumbi ukifika, usisubiri Jumapili. Taa imewashwa, beseni la maji liko chini yake, mabawa yanadondoka kama mvua ya pili. Piga hata kama ni dakika mbili. Saa mbili usiku kwako ni saa saba mchana kwao wakati huo, na ikiangukia Jumamosi watakuwa nyumbani. Wakisema "ew", cheka, kisha waambie mama yao alikuwa akiwagombania na kaka zake. Mama yao atakana. Hiyo kesi peke yake inatosha simu nzima.

Julai na Agosti wao wana likizo ndefu ya shule, na mwishoni mwa Juni jua la Toronto huzama karibu saa tatu usiku. Kwako mwaka mzima huzama saa moja, ukiongeza au kupunguza dakika chache. Muwe na daftari: kila wiki kila upande unaandika saa ya machweo. Wewe utachoka kuandika saa moja, saa moja, saa moja, na mkubwa atakuonea huruma. Ndiyo nafasi ya kumfundisha saa za Kiswahili, maana atashangaa kwamba kile wanachoita "saba" wewe unakiita "moja". Msimu wa embe nao hauhitaji maelekezo: kuleni kwa pamoja, bila kisu, mbele ya kamera, mashindano ya nani atachafuka zaidi. Embe la dukani Toronto huenda lisiwe tamu kama la Arua, nawe usiache kulisema hilo.

Oktoba ina mambo mawili. Tarehe 9 ni Uhuru wa Uganda, na mwaka 1962 wewe ulikuwa mtoto mdogo kama wao. Mweleze mkubwa ulichokiona au ulichosikia wazee wakikisema. Kama hukumbuki chochote, sema hukumbuki. Mdogo hana haja ya historia: mwonyeshe bendera, milia myeusi, ya manjano na myekundu, na katikati korongo wetu mwenye taji aliyeinua mguu mmoja. Mchezo ni kusimama kwa mguu mmoja kama korongo, anayeyumba ameshindwa. Wewe shika meza, Mama. Mchezo usikuvunje nyonga. Mwishoni mwa mwezi huohuo majirani zao watakuwa wanachonga malenge na kuyawekea taa ndani. Familia yenu mtaamua wenyewe kama mnashiriki, hilo si langu. Lakini boga ni boga. Wao walipasue wahesabu mbegu, wewe upasue lako uhesabu, kisha uwaonyeshe kwamba huku tunalipika na majani yake tunayala. Mbegu wazioshe na kuzikaanga kama wewe unavyokaanga.

Nimeacha mambo mengi ya Desemba makusudi. Desemba watu wote wanapiga simu, mtandao umejaa, watoto wamechoka na wageni. Fupisheni. Idd na Krismasi salamu zinatosha, kazi za mikono ziacheni kwa Jumapili za kawaida.

Kwa siku ambazo hakuna kinachotokea nje, yaani nyingi tu, kuna vitendawili. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu watu wanavidharau. Nilikuambia sauti inakawia njiani. Ndiyo maana kuimba pamoja kwenye simu hakufanikiwi: wewe uko kwenye kiitikio, wao wako kwenye ubeti, kelele tupu. Michezo ya kupiga makofi nayo hivyohivyo. Lakini mchezo wa kupokezana, mmoja akimaliza ndipo mwenzake aingie, hauathiriki. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Wanafikiri, wanakisia, hawajui kwamba ni yai. Nipe mji! Na hapo ndipo watoto wa miaka saba hupagawa, kwa sababu anayeshindwa lazima atoe mji. Atakupa Toronto? Atakunyima? Kama akikupa, jisifu kidogo: "Nimefika Toronto, nimekaa kwenye kochi la mama yako, nimemaliza chai yote," ndipo umpe jibu. Kisha mwambie atunge cha kwake kuhusu theluji. Kikiwa kibovu, kipokee vivyo hivyo. Kila wiki viwili vinatosha. Kivuli, nanasi, macho, vyote unavijua tangu utotoni.

Mweso, lile bao letu la Uganda, pia unawezekana na mkubwa, ingawa ubao kamili wa mashimo 32 na kete 64 ni mzigo kwa mtoto anayeanza, tena kwa simu. Anzeni na trei la mayai la mashimo kumi na mawili na punje za maharage. Kila upande una trei lake, mmoja akicheza anataja namba ya shimo kwa Kiswahili, mwingine anaiga kwenye trei lake. Mtagombana kuhusu hesabu. Vizuri.

Umesema Kiingereza chako ni kidogo. Mama, kisiwe kingi. Watoto wanaolelewa katika lugha mbili huelewa zaidi ya wanavyoweza kusema, na kinachowafungua ni kusikia lugha ikitumika kwenye kitu wanachokiona. Ukisema "kamua" huku unakamua kitambaa, umefundisha. Tatizo langu ni mkalimani. Binti yako akitafsiri kila sentensi, mtoto atasubiri tafsiri na wewe utageuka redio ya nyuma. Mwombe atafsiri pale tu mtoto anapochanganyikiwa kabisa. Na usimcheke mtoto akikosea ngeli, wala usimfanye arudie neno mbele ya wageni. Akisema "kitambaa imekauka", wewe jibu, "Ehee, kitambaa kimekauka," mambo yaendelee.

Kuhusu simu, hauhitaji utaalamu. Usiishike mkononi, iegemeze kwenye chupa ya chai au kopo, usawa wa uso wako. Dirisha au mlango wenye mwanga uwe mbele yako, usiwe mgongoni, la sivyo wataona kivuli kinachoongea. Unapowaambia jambo la moyoni, tazama ile tundu ndogo ya kamera. Muda mwingine tazama kioo, huwezi kukesha unatazama tundu. Baba yangu, Mungu amrehemu, kila video ikianza alipeleka simu sikioni, na kwa mwaka mzima wajukuu wake wa ng'ambo walimjua kwa sikio. Walilipenda sana lile sikio. Usiogope kukosea.

Data ni ghali, nalijua. Ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza Julai 2018 iliondolewa 2021, lakini badala yake ikaja asilimia 12 juu ya data yenyewe. Kwenye mipangilio ya WhatsApp kuna sehemu ya kupunguza data inayotumika kwenye simu. Mwombe kijana wa jirani akuwashie. Picha itafifia kidogo, si neno. Na mtandao ukikataa kabisa, tuma ujumbe wa sauti: hadithi ya dakika mbili wanayoweza kuisikiliza kitandani. Hautakuwa na kule kujibizana nilikokusifu, hivyo kwa yule mdogo hauchukui nafasi ya video. Kwa mkubwa ni mzuri sana, wakati mwingine mzuri kuliko video, kwa kuwa anausikiliza mara kumi na hakuna anayemtazama akisikiliza.

Nikuambie na upande usiopendeza. Haya yote yanamtegemea binti yako. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kuloweka kitambaa peke yake, na binti yako yawezekana anafanya kazi wiki nzima. Usimpelekee orodha ya mambo kumi. Mwombe kitu kimoja tu: Jumamosi aweke tayari kile kifaa cha Jumapili. Akishindwa wiki mbili, msilaumiane, rudini kwenye vitendawili. Tena, mkija kuonana uso kwa uso mdogo anaweza kujificha nyuma ya mama yake siku ya kwanza au ya pili. Simu haitakuwa imeshindwa. Harufu yako na urefu wako ni vitu vipya kwake. Chukua kitambaa, kiloweshe, uone atafanya nini.

Kuna mambo ambayo simu haiyamalizi. Ukiona kwa miezi kadhaa kwamba mdogo hageuki akiitwa jina, haunganishi maneno mawili matatu katika lugha yoyote ile, hafuati kidole mtu anapomwonyesha kitu, au maneno aliyokuwa nayo yanapotea, usitoe hukumu kwenye simu mbele ya watoto. Mpigie binti yako peke yake, umwambie ulichokiona bila kukipa jina la ugonjwa, na umsihi ampeleke kwa daktari wa watoto kule kwao apimwe masikio na usemi. Asikubali kuambiwa ni kwa sababu ya lugha mbili. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kusema. Na wewe mwenyewe, kama huwasikii watoto hata spika ikiwa juu, au nyuso zao zinaonekana kama zina ukungu hata mtandao ukiwa mzuri, hilo huenda si la simu. Nenda kituo cha afya wakutazame masikio na macho. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, na nimeona wazee waliokata simu za wajukuu kwa aibu ya kutoona kumbe ndilo lililokuwa tatizo.

Sasa machozi. Si vibaya. Unalia kwa sababu kilichokatika si simu tu. Lie baada ya simu, na kama ikitokea wakakuona, waambie kwa ufupi, "Jaja amewakumbuka," watoto huelewa hilo kuliko uso unaojikaza. Ila kama kulia kunaendelea siku nyingi, usingizi umetoroka, chakula hakipiti, huna hamu hata ya shamba wala ya kwenda kwa mwenzio, na hali hiyo imefika wiki mbili, nenda ukamwone mhudumu wa afya ana kwa ana, au umwambie mtu unayemwamini akusindikize. Usilisubiri lipite kwa sababu ya umri. Na wiki ikiwa nzito kwako, mpigie binti yako peke yake usiku wa kwako, watoto wakiwa shule kule kwao, uongee naye kama mama na mwanawe. Hizi Jumapili za watoto zisibebeshwe kila kitu.

Kwa Jumapili ijayo, kitambaa kisiwe kizito. Taulo halitakauka kabla ya Magharibi, na la kwao halitaganda kabla mdogo hajachoka. Leso ndogo inatosha.